Chumvi ya theluji ilivyokula gari yangu kabla hata sijainunua

Nianze na hesabu ili mjue sitanii. Gari nilinunua shilingi milioni 27, mwezi wa nane 2021, kwa bondi moja (yadi ya kuuzia magari yaliyotoka nje) hapa Kampala, na mpaka leo nimeshatumia milioni 5 na laki 8 kutengeneza chini yake tu. Chini peke yake! Injini haina shida, gia haina shida, AC inapiga vizuri, viti vilikua bado na ile harufu ya gari ya Japan. Ila chini ilikua imeoza, na iliozeshwa na kitu ambacho mimi mtu wa Uganda sikuwahi kukiwaza hata siku moja, chumvi. Kuna nchi watu wanamwaga chumvi barabarani na malori usiku kucha ili gari zisiteleze kwa barafu, alafu gari zikishakula hiyo chumvi miaka kumi zinapanda meli zinakuja Mombasa, na kutoka Mombasa zinakuja kwangu mimi mjinga.

Mimi ni mtoto wa kambi, baba alikua mwanajeshi, kiswahili ndio tuliongea nyumbani, kwa hiyo wale wa kiswahili sanifu mnivumilie. Naandika kwa sababu ndugu wawili wameniuliza mwezi huu huu kuhusu kununua gari na nimechoka kurudia.

Siku ya kununua nilienda na broka na rafiki yangu mmoja ambae anajifanya anajua magari. Tulifanya kila kitu ambacho watu hufanya. Tukafungua boneti, tukasikiliza injini, tukaangalia mailej, tukaangalia mwaka wa kutengenezwa maana toka 2018 sheria ilikataza kuingiza gari ya miaka 15 au zaidi kwa hiyo kila mtu anaangalia mwaka, mwaka, mwaka, kama vile mwaka ndio afya. Tukazungusha ndani ya bondi raundi mbili. Four wheel, viti saba, rangi ya fedha inang'aa. Mke wangu akakaa kiti cha mbele akavuta kioo akajiangalia, hapo nikajua nimeshanunua.

Kuna aliyeinama kuangalia chini? Rafiki yangu aliinama sekunde tano hivi akaona nyeusi tii inang'aa, akasema "chini iko safi wameipaka na dawa". Kosa langu la kwanza liko hapo na ndio lilizaa mengine yote. Ile nyeusi ilikua rangi nzito ya lami lami iliyopakwa juu ya kutu, na ilikua bado mbichi mbichi. Nani aliipaka mimi sijui, na simtaji mtu. Ila sasa hivi nikiona gari ya miaka kumi na mbili chini yake nyeusi kama kiatu cha harusi, naogopa kuliko nikiona kutu yenyewe, maana kutu unayoiona unaweza kuipima.

Miezi ya kwanza ilipita vizuri. Mwaka uliofuata mvua za mwezi wa tatu zikaanza na mambo madogo madogo yakaanza nayo. Ekzosi ikaanza kunguruma kama bodaboda, fundi akaniambia imetoboka, akaziba kwa kuweldi. Alafu ile rangi nyeusi ikaanza kubanduka vipande vipande kama chapati iliyokauka, na chini ya kila kipande kuna unga mwekundu. Nikamuuliza fundi akasema "boss hiyo kawaida, gari ni chuma". Mafuta ya breki yakawa yanapungua kidogo kidogo, naongeza. Mara ya pili naongeza. Mara ya tatu fundi mwingine akasema labda ni mpira wa silinda, tutaangalia ukirudi. Sikurudi. Nilikua na ada za shule za watoto na kusema kweli gari inayotembea hakuna mtu anaipeleka garaji.

Sasa Desemba 2022 tukawa tunaenda kwa wakwe. Mama Shamim, mke wangu, kwao ni Katwe, sio Katwe ya Kampala, ile Katwe ya Kasese, ya ziwa la chumvi. Tulipita Masaka, Mbarara, Ishaka, Rubirizi, watoto watatu nyuma na gunia la matoke na mikungu mingine ya kuwapelekea wazee. Wanaojua hiyo njia wanaijua Kichwamba, pale milima inakwisha ghafla na unaona mbuga yote ya Queen Elizabeth iko chini yako kama mkeka, na barabara inaanza kushuka na kona. Nilikanyaga breki kona ya pili, pedo ikashuka nusu. Nikakanyaga tena ikaenda mpaka karibu na sakafu, gari inapunguza kidogo sana kama inakuonea huruma tu.

Hapo sijui niseme nini. Mke wangu aliniangalia uso akajua bila kuambiwa. Nikatoa gia kwenye D nikaweka ya chini, injini ikalia, nikavuta handbreki pole pole maana ukiivuta yote kwa kona unazunguka, nikaisogeza upande wa mlima tairi zikawa zinasugua ukingo wa udongo, tukasimama. Mtoto wa mwisho akauliza tumefika? Nilishuka nikakaa kwenye jiwe, miguu haikua yangu.

Kilichotuokoa kwanza ni kwamba breki za gari nyingi za siku hizi zina njia mbili, paipu moja ikipasuka njia ya pili inabaki na nguvu kidogo. Cha pili ni gia ya chini. Kama unaendesha otomatiki na hujui zile L na 2 zinafanya kazi gani, acha kusoma uende ujifunze kwanza, narudi hapa nakusubiri.

Pikapu ikatuvuta mpaka Katwe, laki tatu, na dereva wake alituvuta akiimba njia nzima kana kwamba tunaenda harusini.

Baba mkwe ni muzee wa chumvi. Amefanya kazi kwenye lile ziwa toka kijana, ana viwanja vyake vya kukaushia, na miguu yake inaonyesha. Asubuhi yake fundi kutoka Kasese akaja akainua gari na jeki, na muzee akaja na kiti chake kidogo akaketi pembeni kuangalia. Fundi akaonyesha paipu ya breki ya nyuma, nyembamba ile ya chuma, imeliwa mpaka imekua kama uzi, na pale ilipopasuka ukiigusa inakatika kama biskuti. Mzee akaomba tochi. Akainama, na ana miaka zaidi ya sabini, akaangalia kimya muda mrefu. Akatoka akasema, "Mwanangu, hii gari umeitoa wapi? Hii imekunywa chumvi."

Nikamwambia hapana baba, hii imetoka Japan. Akasema Japan au wapi, mimi najua chuma kilichokula chumvi. Akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mitalimbo yao ya zamani, ile vyuma wanavyovunjia mwamba wa chumvi chini ya maji. Ilikua hivyo hivyo! Imebanduka kwa tabaka tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Alafu akaninyooshea kidole upande wa lile gofu la kiwanda. Mkienda Katwe mtaliona, kiwanda cha chumvi ambacho serikali ilijenga na Wajerumani, miaka ya 70 kuelekea 80, mitambo ya maana kabisa. Hakikufanya kazi muda mrefu, maji ya chumvi ya ziwa yalikula mapaipu kwa ndani. Mzee anasema Wajerumani walikuja na elimu yote lakini hawakuuliza watu wa hapa wanabadilisha mtalimbo mara ngapi kwa mwaka. Anapenda sana kusema hiyo, amenisimulia mara nne sasa.

Mimi bado sikuelewa. Chumvi imetoka wapi Japan? Nikafikiria labda gari ilikua ya mvuvi, inaegeshwa ufukweni.

Usiku nikamtumia picha mtoto wa shangazi yangu, yuko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, kaenda miaka mingi. Nilijua anafanya kazi ya kuendesha lori ila nilidhani ni lori la mizigo. Akanijibu na voisi ya dakika saba, anacheka mwanzo mpaka mwisho. "Kaka, hiyo ni kazi yangu hiyo! Mimi ndio namwaga hiyo chumvi." Kumbe kila msimu wa baridi yeye ni dereva wa lori lenye mashine nyuma inazunguka inatupa chumvi, kampuni inafanya usafi wa theluji kwenye maegesho ya maduka na hospitali.

Alinieleza vizuri mpaka nikaelewa, nami nawaeleza. Maji yanaganda kwenye sifuri. Ukiweka chumvi yanakataa kuganda mpaka baridi izidi zaidi, kwa hiyo barafu inayeyuka inakua maji ya chumvi na tairi inapata kushika lami. Kwa maabara maji ya chumvi yanaweza kukaa bila kuganda mpaka kama digrii 21 chini ya sifuri, ila barabarani, anasema, ikishapita 9 au 10 chini ya sifuri hii chumvi ya kawaida inakua mvivu sana, wanahitaji aina nyingine kama kalisi kloraidi, au wanamwaga mchanga tu ili tairi zipate mkwaruzo. Wamarekani walianza kujaribu hii kitu 1938 kwenye jimbo la New Hampshire, baada ya vita ikaenea, na siku hizi nchi yao inamwaga karibu tani milioni 20 kwa mwaka. Mimi nilirudia hiyo voisi mara mbili kuhakikisha ni milioni. Muzee nilivyomtafsiria alishika kichwa, watu wanavunja migongo hapa kupata gunia moja na wenzao wanaitupa barabarani iyeyuke!

Hayo maji ya chumvi yanarushwa na tairi yanaingia chini ya gari, kwenye maungio, ndani ya chesisi, juu ya paipu, kwenye kila kona ambayo maji ya kuoshea hayafiki. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu na kutu ni kama betri ndogo ndogo zinafanya kazi usiku na mchana, ndio inaenda haraka. Alafu chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata gari ikifika Kampala ambako hakuna theluji, unyevu upo na joto lipo, zile punje zilizojificha zinaendelea kula. Yaani nilinunua gari pamoja na ugonjwa wake, na ugonjwa ulipofika kwetu ukapenda hali ya hewa.

Nikamuuliza, sasa Japan? Akasema tafuta imetoka mkoa gani. Kesho yake nikapekua gari. Pembeni ya mlango wa dereva kulikua na kastika kadogo ka kubadilisha oili, maandishi ya kijapani na namba ya simu inaanza na 011. Nimeishi na hako kastika mwaka mzima na miezi, watoto wamekachora na kalamu. 011 ndio namba za mwanzo za simu za Sapporo, mji mkubwa wa Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini ambacho theluji yake sio ya mchezo. Hapo ndio nikafahamu pia kwa nini kioo cha mbele kina vile vinyaya chini pale waipa zinapolala, nilidhani ni antena ya redio kumbe ni vya kuyeyusha barafu ili waipa zisigande. Gari ilikua inajieleza yenyewe, mimi ndio sikujua kusoma.

Na hapa kuna kitu kilinigusa. Wajapani zamani walitumia tairi zenye misumari kwa ajili ya barafu, misumari ikawa inakwangua lami inatoa vumbi baya watu wanalipumua, wakatunga sheria 1990 kuzizuia. Vumbi likapungua. Lakini tairi bila msumari zinateleza zaidi, dawa za kuyeyusha barafu zikaongezeka barabarani. Waliponya mapafu yao, na chesisi ya gari yangu ndio ikalipa, sitanii.

Yule ndugu yangu nilimuuliza kwa utani, sasa theluji ikiisha hiyo chumvi yenu mnaiokota? Akanyamaza. Akasema, "Kaka, haiokotwi. Inaenda na maji." Inaingia mifereji, mifereji inaenda mito na maziwa, nyingine inazama chini inafika visima. Na haiozi. Mafuta ukimwaga bakteria wataila taratibu, mavi ya ng'ombe yataoza, lakini ile kloraidi ya chumvi haigeuki kitu kingine, haikamatwi na mchanga, mitambo ya kawaida ya kusafisha maji haiitoi. Ikishaingia ziwani imeingia. Mamlaka ya jimbo lao ya kudhibiti uchafuzi inawafundisha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni tano za maji. Galoni tano nikapiga hesabu, ni kama lita 19. Yaani jerikeni yetu ya manjano, ile ile! Kijiko kimoja kwa jerikeni moja, na viumbe vidogo vya majini ambavyo samaki wanakula vinaanza kuumia. Wewe ukiyanywa hayo maji huenda hata ulimi usijue, lakini kale kadudu kanajua.

Akaniambia na maji ya chumvi ni mazito yanazama chini ya ziwa yanakaa huko kama blanketi, ziwa linashindwa kujigeuza juu chini kama lilivyozoea, hewa haifiki chini. Miti ya pembeni ya barabara inakauka upande mmoja, ule unaoangalia barabara. Ndege wanaokota punje wakidhani ni vijiwe.

Nilimuuliza mbona sasa mnamwaga. Kuna sababu mbili, moja naiheshimu na nyingine hapana. Ya kwanza ni watu wanakufa, barafu inaua, ambulensi lazima zifike. Ya pili ni woga wa kushtakiwa. Bosi wake anamwambia mwaga mpaka maegesho yawe meupe, mteja akiona nyeupe anaridhika, na mtu akianguka wakili hatapata pa kuanzia. Mwaka mmoja anasema walimwaga siku ya digrii 20 chini ya sifuri ambapo chumvi haifanyi kitu kabisa, kesho yake ikafagiliwa kavu kavu. Siku hizi kaenda mafunzo huko huko Minnesota yanaitwa Smart Salting, wanafundishwa kupima joto la lami na sio la hewa, kuondoa theluji kwanza na koleo kabla ya chumvi, kurekebisha mashine isitupe ovyo, na kulowesha chumvi kabla ya kuimwaga ili isirukeruke mtaroni. Anasema wanatumia kidogo sana sasa kuliko zamani na watu hawaanguki zaidi.

Jioni hiyo nilipanda na muzee kwenye ule mgongo wa Katwe ambapo ukisimama unaona maziwa mawili. Upande huu Ziwa Edward, maji matamu, viboko, mitumbwi, ngege wa kukaanga. Upande huu Ziwa Katwe, hakuna mto unaotoka humo, chumvi inaingia inabaki, hakuna samaki hata mmoja. Kutoka moja mpaka jingine unatembea hata jasho halijatoka. Nilikua nimeona hayo maziwa mara nyingi toka nioe, ila siku hiyo ndio niliyaona. Ziwa likiwa halina njia ya kutoa chumvi linakua hivi, tofauti ni kwamba la kwetu Mungu ndio aliliumba hivyo na limelisha watu karne na karne.

Haya turudi kwa gari, maana tulikua bado tuko Katwe tunahitaji kurudi. Fundi wa Kasese akabadilisha paipu iliyopasuka, tukarudi Kampala mwendo wa jeneza. Na hapa kuna kosa la kuchekesha, muzee alitupa zawadi magunia mawili ya chumvi ya ng'ombe tukamuuzie rafiki yake Mbarara, nikayapakia nyuma, gunia moja likawa linavuja maji maji mpaka kapeti. Gari inakufa kwa chumvi na mimi naiongezea nyingine! Mama Shamim ndio aligundua, mimi hata akili haikunijia.

Kampala nikaipeleka Katwe yetu ya hapa, ile ya mafundi wa kuweldi. Toka Katwe ya chumvi mpaka Katwe ya kuziba matobo ya chumvi, majina haya nayo. Fundi aliipandisha, akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi, ti ti ti, alafu tu. Mlio ukibadilika hapo kuna shimo. Alichora na chaki sehemu kumi na moja. Ile sehemu ya chini ya milango kidole changu kiliingia. Sabufremu ya nyuma, ile inayobeba miguu ya gari, ilikua haifai kabisa, tukapata iliyotumika soko la spea la Kisekka kwa milioni moja na laki nne na nusu, na hiyo nayo niliigonga kwanza kabla ya kulipa, muuzaji akanicheka, nikamwambia cheka tu. Kuweldi ilikua milioni moja na laki tisa. Paipu zote za breki, sio ile moja tu, laki sita na ishirini ukiweka na ya Kasese. Zingine zilienda kwa ekzosi mpya, bolti ambazo hazikufunguka zikakatwa, na kuosha na kupaka dawa.

Usibadilishe paipu moja. Iliyopasuka ni ile iliyotangulia tu, dada zake wanafuata. Na kabla hujaweldi osha chini na maji matamu ya presha, kila tundu, mara tatu nne, acha ikauke kabisa juani, maana ukipaka dawa juu ya chumvi umeifungia ndani na chakula chake. Hiyo ndio ilikua shida ya ile nyeusi ya bondi.

Na dawa yenyewe nilikosea tena. Fundi alinishauri tupige oili chafu ya injini chini yote, ya bure, inazuia kutu vizuri sana. Tukapiga. Inazuia kweli. Ila wiki nzima gari ilikua inadondosha matone meusi pale nyumbani, mvua ilipokuja nikaona ile michirizi ya upinde wa mvua inaingia mtaroni, na mtaro wetu unaenda Nakivubo, na Nakivubo inaenda ziwani Victoria ambako ndio tunateka maji ya mji. Nilisimama na mwavuli naangalia, na mwezi mzima nilikua nawasema Wazungu na maziwa yao! Sikumwambia mtu. Nikaenda kuosha na kusugua kwa sabuni, hayo maji nayo yakaenda mtaroni vilevile kwa kweli sikujua niyapeleke wapi, alafu nikanunua ile dawa ya nta nta ya kopo, ghali lakini inashika na haidondoki. Oili chafu sasa namrudishia fundi kwenye jerikeni, ana watu wanaokuja kuinunua.

Kwa wewe unaetaka kununua, fanya hivi. Iambie bondi unataka gari ipandishwe juu, usilale chini na nguo nzuri ukaangalia sekunde tano. Wakikataa ondoka. Nenda na tochi, nyundo ndogo au hata ufunguo mzito, na sumaku, maana sumaku haishiki pale palipozibwa na fila, lile dongo la kuzibia bodi. Angalia paipu za breki juu ya tangi la mafuta na juu ya ekseli ya nyuma, sehemu ambazo hakuna mtu anapaka rangi. Angalia vichwa vya bolti, kama vimekua mviringo kama njugu, hiyo imekula chumvi.

Kama unaagiza mwenyewe Japan, omba karatasi ya mnada, sio picha peke yake. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo herufi S ni kutu na C ni chuma kilichokwisha kuoza, na mara nyingi wanaandika pembeni kwa kijapani, mpe mtu anaejua akusomee, tafuta neno "shitamawari", maana yake ni chini ya gari. Cheti cha kutoa gari Japan kinaonyesha namba ya zamani na mji, ukiona Sapporo, Asahikawa, Hakodate, Kushiro, Obihiro, Kitami au Muroran ujue ni Hokkaido. Na stika za simu, zinazoanza na 01 ni kaskazini yenye theluji (isipokua 0120, hiyo ni ya simu za bure nchi nzima), 03 ni Tokyo, 06 Osaka, 092 ni Fukuoka kusini kule. Sisemi gari ya Hokkaido usinunue, kuna watu wa huko wanaosha na kupaka dawa kila mwaka, ila ipandishe, na bei ishuke. Uingereza nao wanamwaga chumvi hivyo hivyo, kwa hiyo usikimbilie huko ukidhani umepona.

Na mafuta ya breki yakipungua mara mbili, simamisha gari siku hiyo hiyo. Hii nairudia kwa sababu ya watoto wangu watatu pale Kichwamba.

Mwezi uliopita niliiweka sokoni. Milioni 19, na nikaandika wazi imeweldiwa chini. Simu zilikuja nyingi, wakisikia kuweldi wanakata. Jumamosi akaja kijana mmoja wa Bombo, peke yake, bila broka, na overoli kwenye mfuko wa kaveera. Hakufungua boneti kwanza. Alivaa overoli, akalala kwenye zege, akatoa nyundo mfukoni, ti ti ti, ti ti ti. Dakika kama ishirini. Mama Shamim akamletea chai ikapoa. Alipotoka alikua na unga mwekundu kidogo kwenye nyusi, akaniuliza, "Mzee, Sapporo?"

Nikamwambia Sapporo. Akasema sabufremu umebadilisha lakini kona ya kushoto nyuma, karibu na sehemu ya jeki, inarudi. Nikainama nae na tochi, ni kweli, kadoa kadogo kama ukucha. Tumekubaliana milioni 17 na nusu.